Jeshi lisilorudi shambani: kisa cha Makedonia ya Philip wa Pili

Perdiccas wa Tatu, mfalme wa Makedonia, alitoka na jeshi lake kwenda kuwakabili Waillyria wa mfalme Bardylis huko magharibi, na hakurudi. Askari 4,000 waliangamia pamoja naye. Huo ulikuwa mwaka 359 KK, au miezi michache kabla yake. Waliobaki nyumbani, kwa maelezo ya mwanahistoria Diodorus wa Sicily, walikuwa wamevunjika moyo kiasi cha kutotaka tena kusikia habari za vita. Kaskazini, Wapaionia walishaanza kuingia na kupora. Mashariki, mfalme wa Thrace alikuwa na mtu wake anayekitaka kiti, jina lake Pausanias. Athens nayo ilikuwa na wake, Argaeus, na ilimsindikiza kwa merikebu na askari 3,000 wenye silaha nzito. Aliyeachiwa mzigo huo wote ni mdogo wa marehemu, Philip, kijana wa miaka 23 hivi.

Miaka 21 baadaye, mwezi Agosti 338 KK, ufalme huohuo uliziangusha Athens na Thebes kwa pamoja, ndani ya siku moja, kwenye bonde la Chaeronea. Watu hawakubadilika. Walikuwa walewale wachunga kondoo wa milimani na walewale mabwana wenye farasi. Sasa nini kilitokea hapo katikati?

Ukimuuliza mtu aliyesoma historia kidogo atakujibu: mkuki mrefu. Si jibu baya, na nitaukalia mkuki huo kwa kirefu kwa sababu unastahili. Lakini mkuki ni mti wenye chuma kichwani. Mgiriki yeyote aliyeuona angeweza kuchonga wake kesho yake. Hawakufanya hivyo, na hapo ndipo penye swali lenyewe. Rai yangu ni kwamba Philip alipata kitu ambacho jirani zake hawakuwa nacho na hawakuweza kukiiga kwa urahisi: watu wa kukaa nao jeshini kiangazi na majira ya baridi, mwaka baada ya mwaka, bila kuwaruhusu warudi kuvuna. Alipata muda. Mengine yote, mkuki ukiwemo, yalisimama juu ya hilo.

Kichwa bila kiwiliwili

Kabla yake jeshi la Makedonia lilikuwa kichwa bila kiwiliwili. Kichwa ni mabwana wapanda farasi, waliokulia juu ya tandiko, hodari kuliko wapanda farasi wa miji mingi ya Ugiriki. Nyuma yao palitakiwa kuwe na askari wa miguu, lakini kilichokuwepo ni umati uliookotwa vijijini, bila mafunzo na mara nyingi bila silaha za maana. Mwaka 423 KK umati huo, uliokuwa umetoka vitani pamoja na Brasidas wa Sparta, ulishikwa na hofu usiku ukatimua mbio kurudi kwao, ukamwacha Brasidas aamke asubuhi akiwa peke yake mbele ya adui. Alitoka salama kwa ujuzi wake mwenyewe, na urafiki ukaishia hapo.

Sababu haikuwa uoga wa kuzaliwa. Katika miji ya Ugiriki askari mzito, yule waliyemwita hopliti, alikuwa raia mwenye shamba au karakana yake. Ngao ya upana wa karibu sentimita 90, chapeo, dirii, kinga za miundi, vyote alinunua kwa fedha yake. Jeshi la mji lilikuwa tabaka la kati likiwa limevaa shaba. Makedonia haikuwa na tabaka hilo la kutosha. Ilikuwa na mabwana, na ilikuwa na wachungaji. Ukuta wa shaba haujengwi na watu wasio na shaba.

Kwa hiyo kila mfalme aliyemtangulia Philip alikuwa na tatizo moja ambalo hakulitatua: watu anao, lakini hawezi kuwavisha kama Wagiriki.

Mwaka wa kwanza: kununua nafasi

Philip hakuanza na vita. Alianza na mfuko na ulimi. Wapaionia aliwapa zawadi na ahadi, wakarudi makwao. Mfalme wa Thrace alimlainisha kwa zawadi vilevile, na habari za yule Pausanias zikaishia hapo. Athens ilikuwa inaililia Amphipolis, mji uliokuwa koloni lake zamani. Philip akaondoa askari wa Makedonia waliokuwa wanaulinda, Athens ikadhani mambo yamekwisha, jemadari wake akamwacha Argaeus aende mwenyewe. Philip akamkamata njiani akamshinda kirahisi. Wafungwa wa Athens aliwaachia.

Ni mwaka wa kujinyenyekeza, na wanaompenda Philip kama simba wa vita huupitia haraka. Mimi nauona kama mwaka muhimu kuliko yote. Alijua ana adui wanne na jeshi la nusu adui mmoja. Alichokuwa anakinunua ni miezi, na miezi hiyo aliitumia kwa kazi moja: kuwaita watu kwenye mikutano akiwatia moyo, kuwapanga upya, kuwapa silaha na kuwapigisha kwata mfululizo.

Mwaka 358 KK akaenda kwa Bardylis na askari wa miguu 10,000 na farasi 600. Bardylis alikuwa na idadi kama hiyohiyo, farasi 500. Aliomba amani kwa sharti kila mtu abaki na alichonacho. Philip akakataa, kwa sababu alichonacho Bardylis kilikuwa vijiji vya Makedonia. Katika mapigano Philip mwenyewe alisimama kulia na askari bora wa miguu, akawaamuru wapanda farasi wapite pembeni waingie ubavuni mwa adui. Waillyria walijikunja wakawa mraba, wakapigana kufa kupona kwa muda mrefu. Mbele walibanwa na miguu, ubavuni na nyuma wakabanwa na farasi, mpaka mraba ukapasuka. Zaidi ya 7,000 walibaki uwanjani.

Ndani ya vita hiyo kuna mchoro utakaorudiwa kwa karne nzima: askari wa miguu wanamshika adui asiondoke, wapanda farasi wanampiga asipopatazama. Fuawe na nyundo. Mabwana wenye farasi walikuwepo siku zote. Nyundo haikuwa mpya. Fuawe ndiyo iliyokuwa mpya.

Mkuki wenyewe

Mkuki huo mrefu uliitwa sarisa. Ulichongwa kwa mti wa kornusi, mti mgumu wa milima ile. Mkuki wa hopliti ulikuwa wa mita mbili na nusu hivi, ukishikwa kwa mkono mmoja. Sarisa ulifika mita nne na nusu, tano, na mrefu kabisa unaotajwa enzi za Alexander, mwana wa Philip, ni dhiraa 12, yaani zaidi ya mita tano na robo. Uzito wake ulikaribia kilo sita. Huwezi kuushika kwa mkono mmoja. Ulishikwa kwa mikono miwili, na kwa kuwa mkono wa kushoto haukuwa huru tena, ngao ikawa ndogo, upana wa sentimita 60 hivi, ikining'inia kwa mkanda begani.

Soma tena sentensi hiyo kwa jicho la mhasibu. Ngao kubwa haihitajiki. Dirii nzito ya shaba, kwa aliye safu za katikati na nyuma, si lazima, maana adui hamfikii. Kinachobaki ni mti, chuma kidogo kichwani na mkiani, na ngao ndogo. Hii ni silaha ya mtu maskini. Tatizo lililowashinda wafalme waliotangulia, la kuwavisha wachungaji shaba, Philip hakulitatua, alilizunguka. Kinga ya askari huyu haikuwa chuma alichovaa. Ilikuwa umbali.

Mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyeandika karne mbili baadaye na aliyeliona jeshi la aina hii kwa macho yake, ameeleza hesabu yenyewe. Safu zikibanana, ncha za mikuki ya mistari mitano ya kwanza zote hutokeza mbele ya mtu wa kwanza. Askari mmoja wa Kirumi aliye mbele anakutana na vichwa vya chuma kumi, kwa sababu yeye, ili apate kutumia ngao na upanga wake, amechukua nafasi ya Wamakedonia wawili. Wa mistari ya nyuma wanaiinamisha mikuki yao juu ya mabega ya walio mbele, na msitu huo wa miti hupangua mishale. Huko nyuma kabisa kazi yao ni kusukuma na kuhakikisha wa mbele hageuki.

Lakini sasa jaribu. Chukua mti wa mita tano, mkabidhi mwenzako mwingine kama huo, simameni mmoja nyuma ya mwingine, halafu geukeni kulia. Mtaangushana. Watu 16 kwa kina, mamia kwa upana, wanatakiwa waende mbele, wasimame, wageuke, wafungue nafasi, wabane, wapandishe mikuki yote na kuishusha kwa pamoja, kwenye mavumbi na makelele. Mmoja akijikwaa amewakwaza wanne. Na aliye peke yake na sarisa mkononi hana maana yoyote: akishapitwa na adui mwenye upanga mfupi, ule mti ni mzigo tu.

Hapo ndipo siri ilipolala. Silaha ilikuwa rahisi kununua na ghali kujifunza. Hopliti wa Athens aliweza kukaa shambani kwake miezi kumi, akaitwa, akasimama kwenye mstari akasukuma na ngao yake, akarudi nyumbani. Alikuwa mgambo, kwa maana nzuri ya neno, raia anayeulinda mji wake. Mgambo wa msimu hawezi kuubeba sarisa. Unahitaji mtu anayefanya kazi hiyo tu. Ndiyo maana jirani hawakuiga haraka: wangeiga mti wakakosa muda.

Unga wa siku 30

Philip aliwatembeza watu wake stadia 300 kwa siku, karibu kilomita 55, wakiwa na chapeo, ngao, kinga za miundi na sarisa, na juu ya hayo chakula chao na vyombo vyao. Alipiga marufuku magari ya kukokotwa. Majeshi ya Kigiriki yalisafiri na umati wa watumishi, karibu kila hopliti na wake wa kumbebea ngao. Philip aliruhusu mtumishi mmoja kwa askari kumi wa miguu, wa kubebea mawe ya kusagia na kamba, na mmoja kwa kila mpanda farasi. Walipotoka kwa msafara wa kiangazi kila mtu alibeba unga wa siku 30 begani.

Mambo haya hayachorwi kwenye picha za vita. Hata hivyo ukiniambia nichague kati ya sarisa na hii amri ya mizigo, ningesita. Jeshi lisilo na magari hupita njia za milimani. Jeshi lenye midomo michache ya kulisha hukaa muda mrefu bila kurudi. Na jeshi linalofika siku tatu kabla ya kutarajiwa limeshinda nusu ya vita. Miji ya kusini ilipokuwa bado inajadili kama ipeleke watu, Philip alikuwa ameshafika.

Kuna kisa cha bwana mmoja kutoka Tarentum, mwenye cheo jeshini, aliyebainika kuwa anaoga maji ya moto. Philip alimvua madaraka, akasema Makedonia hata mwanamke aliyejifungua haogi maji ya moto. Inawezekana kisa kimepambwa na wasimulizi, lakini ndivyo walivyotaka kumkumbuka, na huwezi kukizusha kuhusu jemadari mlegevu.

Wale mabwana wapanda farasi nao walipata malezi mapya. Watoto wao wa kiume waliletwa kwenye ua wa mfalme, wakala pamoja naye, wakawinda naye, wakamlinda usiku akiwa amelala. Ilikuwa shule. Ilikuwa pia rehani, kwani bwana wa milimani ambaye mwanawe analala mlangoni mwa mfalme huwaza mara mbili kabla ya kuasi. Majimbo ya juu, Lynkestis, Orestis, Elimeia, ambayo zamani yalijiendea yenyewe, yakaanza kutoa vikosi vyake ndani ya jeshi moja. Wapanda farasi walifundishwa kushambulia kwa umbo la kabari, mtindo waliouchukua Thrace, nako ulitoka kwa Waskithi: mmoja mbele, wawili, watatu, wakipanuka nyuma, wote wakimfuata aliye nchani kama ndege wanaohama. Kabari hugeuka kirahisi na hupenya pembamba. Hata jina alilitanua. Wapanda farasi waliitwa wenzi wa mfalme tangu zamani. Sasa na wale wa mkuki wakaitwa wenzi wa miguu. Mchungaji wa kondoo akawa mwenzi wa mfalme, na sidhani kama jambo hilo lilikuwa dogo kwake.

Talanta 1,000

Nani analipa? Mtu asiyerudi shambani lazima ale, na mkewe na watoto lazima wale.

Mwaka 357 KK Philip aliitwaa Amphipolis, ileile aliyowaachia Athens waitamani. Mji huo ulikalia kivuko cha mto Strymon, njia ya kwenda kwenye mbao na madini ya mlima Pangaion. Mwaka uliofuata, mji mdogo wa wachimbaji uitwao Krenides ulimwomba msaada dhidi ya Wathrace. Aliwasaidia, akaongeza wakazi, akaubandika jina lake: Philippi. Msomaji wa Biblia anaufahamu bila kujua. Ndio Filipi, mji wa Wafilipi ambao Paulo aliwaandikia waraka karne nne baadaye. Philip akaipanua migodi hiyo mpaka ikamtolea zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka.

Talanta ya Athens ilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi za fedha. Talanta 1,000 ni sawa na tani 26 za fedha kila mwaka. Mapato yote ya dola ya Athens, iliyokuwa malkia wa bahari, katika miaka ya 340 yalikuwa kama talanta 400. Hapa kisa kinaeleweka kwa namna nyingine kabisa. Bunge la Athens lilipokaa kubishana kama zitoke fedha za sherehe au za vita, upande wa pili kulikuwa na mtu mmoja, hazina moja, na hakuna wa kumwomba kibali.

Fedha hizo zililipa askari wa kudumu na mamluki, zililipa mafundi wa mitambo kama Polyidus wa Thessaly, na zililipa pia walinzi wa malango ya watu. Watu wa kale walimsingizia, au walimnukuu, kwamba hakuna ngome isiyoingilika ikiwa punda aliyebeba dhahabu anaweza kuupanda mlima wake. Olynthus ilianguka mwaka 348 KK kwa msaada wa wasaliti wa ndani. Ardhi nayo ilikuwa mshahara: kila eneo lililotekwa lilikatwa mashamba, mengine yakapewa wenzi, na shamba kubwa maana yake ni farasi mwingine jeshini. Mwaka 358 Philip alikuwa na farasi 600. Mwaka 334, mwanawe alipoondoka, wapanda farasi wa Makedonia pekee walikuwa zaidi ya 3,000 ukihesabu waliosafiri na waliobaki, na askari wa miguu wa Makedonia 24,000, kutoka wale 10,000.

Kipigo cha mwaka 353

Kisa cha jeshi lisiloshindwa kingekuwa rahisi kusimulia, ila si kweli. Mwaka 353 KK Philip aliingia Thessaly, nchi iliyo kusini mwa Makedonia, na kukutana na Onomarchus, jemadari wa Phocis ya Ugiriki ya kati, aliyekuwa na mamluki wengi waliolipwa kwa hazina ya hekalu la Delphi. Onomarchus alipanga watu wake mbele ya mlima wenye umbo la mwezi mchanga, akaficha mitambo ya kurushia mawe pande zote mbili juu, kisha akajifanya anarudi nyuma. Wamakedonia wakamfuata mpaka ndani ya lile duara. Mawe yakaanza kushuka. Msitu wa mikuki haupangui jabali. Safu zikavunjika, wale wa Onomarchus wakageuka na kuwamaliza. Philip alishindwa mara mbili msimu huo, askari wakamkimbia, waliobaki walikuwa karibu kumwasi. Alisema harudi nyuma kwa kukimbia, anarudi kama kondoo dume, ili aje kupiga kwa kichwa kwa nguvu zaidi.

Jeshi la mgambo likipigwa hivyo hutawanyika mashambani, na mwaka unaofuata unaanza upya. Hili halikuwa na pa kutawanyikia. Mwaka 352 alirudi na askari zaidi ya 20,000 na farasi 3,000, wengi wakiwa Wathessaly, wapanda farasi bora wa Ugiriki yote. Kwenye uwanda tambarare karibu na bahari farasi hao waliamua mambo. Watu 6,000 wa upande wa Onomarchus walikufa, yeye mwenyewe akiwemo. Thessaly ikamfanya Philip kiongozi wake, na kutoka hapo wapanda farasi wake wakawa mkono wa kushoto wa jeshi la Makedonia.

Kwangu hicho kipigo ni ushahidi kuliko ushindi wowote. Mkuki ulikuwepo siku ile, na haukumwokoa mtu. Kilichowarudisha uwanjani ni taasisi iliyokuwa nyuma ya mkuki.

Aliyelielewa hili mapema ni adui yake, mwanasiasa na msemaji Demosthenes wa Athens. Mwaka 341 aliwaeleza raia wenzake kwamba zamani Sparta ilikuja miezi minne au mitano ya kiangazi, ikaharibu mashamba, ikarudi kwao, na vita vilikuwa vya haki na vya wazi. Huyu haji na safu ya wazito peke yake, akasema. Anakuja na wapanda farasi, wapiga mishale, mamluki, jeshi la kila namna, na kwake kiangazi na baridi ni kitu kimoja. Hakuna msimu anaouacha. Maelezo bora ya kwa nini Makedonia ilishinda yametoka kinywani mwa aliyekuwa anashindwa.

Shule ya Thebes

Kuna wanaosema yote aliyajifunza Thebes. Ni kweli alikuwa mateka huko akiwa kijana, katika miaka ya 360, nyumbani kwa jemadari Pammenes, wakati Thebes ilipokuwa juu baada ya jemadari wake Epaminondas kuivunja Sparta kule Leuctra mwaka 371 KK. Aliona kikosi kitakatifu cha watu 300 wanaotunzwa na mji ili wafanye mazoezi tu. Aliona jemadari anayerundika nguvu upande mmoja badala ya kuzitandaza sawasawa. Mbegu hiyo siikatai. Ila Thebes yenyewe ilikuwa na shule hiyo nyumbani na iliishia na watu 300. Philip alilichukua wazo la kikosi kidogo kinacholipwa akalifanya la nchi nzima. Hilo Epaminondas hakumfundisha, kwa sababu Epaminondas hakuwa na mgodi wala hakuwa mfalme.

Chaeronea

Agosti 338 KK. Philip ana askari wa miguu 30,000 na farasi 2,000. Mbele yake, kutoka vilima vya Chaeronea hadi mto Kephisos, wamejipanga Athens upande mmoja, Thebes upande mwingine, na washirika katikati. Yeye yuko kulia, dhidi ya Athens. Kushoto amemweka mwanawe Alexander, miaka 18, pamoja na majemadari wazoefu. (Juu ya majemadari Philip alikuwa na utani wake: aliwaonea wivu Athens wanaopata majemadari kumi kila mwaka, yeye kwa miaka mingi amempata mmoja tu, Parmenion.)

Kwa simulizi moja ya kale, alichofanya siku hiyo ni kurudi nyuma. Hatua kwa hatua, nyuso mbele, mikuki ikiwa bado imemlenga adui, safu yake ikaanza kupanda kinyumenyume kuelekea mahali pa juu. Athens wakaona ushindi. Jemadari wao Stratocles akapiga kelele kwamba wasiwaache mpaka wawafungie ndani ya Makedonia. Wakasonga kwa pupa, mstari wao ukavutika, ukaachana na wa jirani. Philip alikuwa anawangoja wachoke. Alijua hawana mazoezi na pumzi yao ni fupi. Alipofika juu akasimama, akatoa ishara, akashuka nao.

Nilisema awali ujaribu kugeuka na mti wa mita tano. Sasa fikiria kurudi kinyumenyume mlimani na maelfu ya miti hiyo, ukiwa unashambuliwa, bila kuvunja mstari, halafu usimame kwa amri moja. Hakuna jeshi lingine Ugiriki lililoweza hilo mwaka huo, na si kwa kukosa mikuki.

Athens ilipoteza zaidi ya watu 1,000 waliouawa na 2,000 waliotekwa. Demosthenes alikuwa kwenye safu. Alikimbia na wengine. Upande wa Thebes, kile kikosi kitakatifu hakikukimbia. Sanamu ya simba iliyosimamishwa mahali pale ipo mpaka leo, na wachimbaji wa karne ya 19 walikuta chini yake mifupa ya watu 254 wamelazwa kwa safu saba.

Jeshi hili halikuwa la kushinda kila mahali. Miaka miwili kabla ya Chaeronea, Perinthus na Byzantium zilimshinda Philip, pamoja na minara yake ya mbao ya dhiraa 80. Miji yenye bahari nyuma yake huletewa chakula, na merikebu hakuwa nazo za kutosha. Ardhi ya mabonde na mawe huipasua safu ya sarisa, na pengo likishatokea watu wenye panga fupi huingia. Warumi walikuja kulionyesha hilo kule Cynoscephalae mwaka 197 na Pydna mwaka 168 KK. Kufikia wakati huo wafalme wa Makedonia walikuwa wamerefusha mkuki zaidi, hadi dhiraa 14, na kuwapunguza wapanda farasi. Walibaki na fuawe, nyundo wakaiacha.

Philip hakuona hata nusu ya matunda. Mwaka 336 KK, kwenye harusi ya binti yake mjini Aegae, mlinzi wake mmoja alimchoma kisu. Kufikia siku hiyo alikuwa na jicho moja, mfupa wa mtulinga uliowahi kuvunjika, mkono na mguu vilivyolemaa. Vyote alivitoa vitani. Jeshi halikutawanyika. Liliendelea kwenda na Alexander kaskazini mpaka mto Danube, magharibi kwa Waillyria, kusini mpaka Thebes ikawa kifusi, ndani ya miaka miwili.

Halingeweza kukaa. Miaka mingi baadaye, kule Opis, mji wa Mesopotamia, Alexander aliwakumbusha askari waliokuwa wanamnung'unikia namna baba yake alivyowakuta wamevaa ngozi, wakichunga kondoo wachache milimani, akawashusha uwandani na kuwavika nguo. Akawaambia pia alichorithi hazinani: vikombe vichache vya dhahabu na fedha, na talanta zisizofika 60. Deni la Philip lilikuwa talanta 500. Yeye akakopa 800 nyingine juu yake. Migodi ya talanta 1,000 kwa mwaka haikuwa inatosha tena kuwalisha watu wasiolima.

Majira ya kuchipua ya mwaka 334 walivuka mlango wa bahari wa Hellespont kwenda Asia, wakiwa na chakula cha siku 30.